Kabla hujanunua filta, kagua kwanza ulizonazo

Mteja anayerudi kwenye upigaji picha baada ya miaka mingi huwa na swali moja: "Nianze na filta gani?", yaani vile vioo vinavyofungwa mbele ya lenzi. Nasi dukani, kabla ya kumwonyesha chochote, humuuliza kama bado anazo zile za enzi za mkanda, yaani filamu. Wengi wanazo. Nyingi kazi yake imekwisha.

Ile ya buluu, 80A, iliyokuwa ikiondoa unjano wa taa za ndani, siku hizi nafasi yake imechukuliwa na mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kurekebisha rangi ya mwanga, ndani ya kamera. Za njano na nyekundu zitunze ikiwa utapiga mkanda wa picha nyeusi na nyeupe. Kwa dijitali, kompyuta itakupa kitu kinachokaribiana nazo.

Filta ya UV, ya kuzuia miale ya urujuanimno, ndiyo yenye ubishi. Mkanda uliathiriwa na miale hiyo, hasa milimani, lakini kamera ya dijitali ina kioo mbele ya sensa (sehemu inayonasa picha) kinachozuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kilichobaki ni kinga dhidi ya mchanga, maji ya chumvi na vidole vya watoto, na hiyo ni sababu ya kutosha. Ila kioo duni usiku, penye taa za barabarani, hukuletea madoa ya mwanga kwenye picha. Ishike filta chini ya taa uangalie taa inavyoakisiwa: ikionekana nyeupe na kali, kioo hakina utando wa maana wa kupunguza uakisi, ikiwa hafifu yenye ukijani au uzambarau, utando upo.

Tukiulizwa tuchague moja tu, ni polaraiza, filta ya kupunguza mng'ao. Mwanga uliorudi kutoka kwenye maji, majani au kioo unaweza kuupunguza kwa kuizungusha filta huku ukitazama, hadi mawe ya chini ya kijito yajitokeze. Hili kompyuta haiwezi, maana jiwe lililofunikwa na mng'ao halikuingia kwenye picha tangu mwanzo. Kwa anga, elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha dole gumba pembeni: kule linakoelekea, ukizungusha mkono, ndiko buluu inakokolea zaidi. Kwa lenzi pana sana tahadhari, anga hutoka na mabaka. Mng'ao wa chuma kitupu polaraiza haiuondoi. Nayo hula mwanga, kama stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo ukiingia ndani ivue. Polaraiza ya zamani ikiwa ya aina ya linia (linear), inaweza kuvuruga fokasi na vipimo vya mwanga kwenye kamera yenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kutazamia (DSLR); kwa zisizo na kioo hicho, kwa kawaida hakuna shida.

Filta za ND, zile nyeusi za kupunguza mwanga, zinaweza kusubiri. ND8 hupunguza stopu 3, ND1000 stopu 10, yaani picha ya sekunde 1/30 inakuwa ya takribani sekunde 30. Maporomoko ya maji yanageuka hariri, lakini bila stendi imara huna kitu. Weka fokasi kwanza, halafu ndipo ufunge filta, kwa sababu ikishafungwa, kamera inaweza kushindwa kuona.

Kuhusu saizi, tafuta alama ya Ø mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake: 52, 58, 67, 77. Ni kipenyo kwa milimita, wala si urefu wa fokasi, na watu huchanganya. Nunua filta ya lenzi yako kubwa kuliko zote, kisha pete za kuunganishia kwa zile ndogo. Hapo utanunua polaraiza moja nzuri badala ya tatu za kubahatisha.

Na kama filta ya zamani imeng'ang'ania kwenye lenzi, usiibane. Kadiri unavyoiminya, ndivyo pete inavyopinda na kukaza. Ifunge mpira wa bendi kuzunguka ukingo, ishike kwa wepesi, uizungushe taratibu.