Ukuta wa Kalenga nao upimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu historia ya wahandisi wa medani, yaani wanajeshi wanaojenga madaraja, njia na ngome vitani. Mmeanzia Vita ya Kagera, pale majeshi ya Idi Amin yalipovunja daraja la Kyaka mwaka 1978 na wanajeshi wetu wakalazimika kutafuta njia ya kuvuka mto. Sawa, lakini kwetu Iringa kazi hiyo ni ya zamani zaidi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliizungushia Kalenga, makao yake makuu, ukuta mnene, na Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894 ilibidi kwanza waitwange kwa mizinga. Waliojenga ukuta ule walikuwa wahandisi, hata kama hawakuvaa magwanda.

Leo wageni huja kuliona fuvu la Mkwawa kwenye makumbusho ya Kalenga, hupiga picha, huondoka. Ukuta wenyewe umebaki vipande vipande katikati ya makazi, na anayetaka kuufuata lazima apite kwenye viwanja vya watu.

Napendekeza jeshi letu, JWTZ, lilete wapima wake, washirikiane na watu wa makumbusho na serikali ya kijiji, waweke vigingi pale ukuta ulipopita. Vifaa wanavyo. Wafanye hivyo kabla msingi wa nyumba nyingine haujachimbwa juu yake.

Msomaji wenu,
Iringa