Jumamosi msituni kwa baiskeli: kwa wanaokuja wawili wawili

Habari zenu wapendwa. Mvua imelowesha njia ya msituni, na mizizi iliyolowa huteleza kuliko tope. Mizizi hiyo ivukeni mkiikabili moja kwa moja, si kwa mshazari, na breki mshike kabla ya kuifikia, siyo mkiwa juu yake. Punguzeni upepo wa matairi kidogo. Kwenye mteremko shusheni siti, msimamie pedali, mwili urudi nyuma. Mwenye kasi ndogo atangulie, mwenzake amwachie nafasi. (Kumfokea mwenzio "kanyaga!" kutoka nyuma hakupandishi baiskeli mlima, nimeshuhudia.) Pakikushinda, shuka usukume. Kila wawili wabebe tyubu, pampu na maji ya kutosha. Helmeti ni lazima, hilo halina mjadala. Nijibuni kama mnakuja, kabla ya Ijumaa jioni.