Chumba, yaya na wakili: wito wa harambee kutoka kwa wanawake wa sanaa Nairobi

Ndugu, marafiki na wote mnaotutakia mema,

Tunawaandikia kuomba shilingi 952,000. Tunaanza na hesabu kwa sababu mtu anayeombwa mchango ana haki ya kujua mapema ni kiasi gani, kisha aelezwe ni za nini.

Sisi ni wanawake 31 wa hapa Nairobi tunaoishi kwa kazi ya sanaa. Wamo wachoraji, wachongaji na wapiga picha, lakini zaidi ya nusu yetu kazi yetu ni ile isiyoonekana ukutani: kuandaa maonyesho, kufundisha, kutengeneza fremu, kutunza kumbukumbu, na mmoja anaendesha galari yake ya vyumba viwili. Tangu siku ya kwanza tuko pamoja na wenzetu wawili wasiojitambulisha kama mwanamke wala mwanamume. Mmoja wao ndiye mweka hazina wetu, na hesabu zetu hazijawahi kupishana hata kwa shilingi.

Tulianza kama chama cha kawaida, shilingi 500 kwa wiki, zamu kwa zamu. Wa kwanza kupokea alinunua kifaa cha kukatia fremu, wa pili akalipa karo. Tukiwa tunangoja chai, mambo ya kazi yakawa yanajisemea yenyewe: galari gani inalipa na ipi inazungusha watu, nani anatafuta msaidizi, barua ya kuomba ufadhili inaandikwaje. Baada ya miezi michache kuna waliokuja kwa ajili ya mazungumzo yale hata wiki ambayo hawakuwa na 500 ya kuleta.

Acheni tuwasimulie kisa kimoja. Usiku mmoja wa mvua, binti mmoja mchoraji alifika kikaoni na picha ya mita moja na nusu aliyoichora kwenye turubai, ameifunga kwa nailoni. Makanga alikuwa amemtoza nauli ya watu wawili. Kesho yake alikuwa aipeleke kwenye galari iliyomwahidi onyesho lake la kwanza la peke yake, na ndani ya bahasha alikuwa na mkataba wa kurasa nne ambao hakuwa ameusoma. "Nikianza kuuliza maswali watampa mwingine," alisema.

Tuliusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, chai ikapoa. Galari ingechukua asilimia 50 ya mauzo. Hiyo ni kawaida ya biashara hii, hatukuigusa. Lakini ukurasa wa tatu ulisema kazi ikiharibika ikiwa ndani ya galari, hasara ni ya msanii. Na malipo yangefanywa "mauzo yakikamilika", bila tarehe. Mama mmoja kati yetu, ambaye ameandaa maonyesho kwa zaidi ya miaka 20, alitoa kalamu akaandika pembeni: siku 30. Asubuhi akampigia simu mwenye galari, wakaamkiana, wakaulizana hali za nyumbani, kisha akamtajia ile mistari miwili. Ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Binti hakupoteza onyesho lake, na picha nne zilipouzwa alilipwa ndani ya mwezi.

Wanaume wengi katika kazi hii humpata mtu wa namna hiyo bila kumtafuta. Onyesho likishafunguliwa jioni wanakaa pamoja mpaka saa nne usiku, na hapo ndipo inapoamuliwa nani aalikwe nje ya nchi, nani aandikiwe barua ya mapendekezo, nani akabidhiwe ukuta mkubwa. Hatuwalaumu kwa kukaa. Wengi wetu saa hizo tumeshapanda matatu kuwahi watoto, na habari ya nafasi ile tunaisikia ikiwa imeshachukuliwa. Kwa hiyo mkiona neno "yaya" kwenye bajeti yetu, jueni tumeliweka kwa makusudi, na tumeliweka karibu na juu.

Kila tunapozungumzia jambo hili, mtu hulitaja jina la Rosemary Karuga, msanii wa hapa Kenya. Alizaliwa 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ile ya sanaa. Kisha akawa mwalimu, akalea familia, na sanaa yake mwenyewe ikakaa pembeni kwa miongo mingi. Aliirudia kwa dhati mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amestaafu, kwa kuhimizwa na binti yake, akapata mahali pa kufanyia kazi pale Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha hapa Nairobi. Rangi zilikuwa ghali. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo na kuvibandika kimoja kimoja mpaka vikawa wanyama na watu wa kijijini. Mwaka 1990 kazi hizo zilining'inizwa katika Studio Museum, Harlem, New York, kwenye onyesho la wasanii 9 wa Afrika, El Anatsui, mchongaji mashuhuri wa Ghana, akiwa mmoja wao. Karuga ndiye alikuwa mwanamke pekee. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92.

Miaka ile ya katikati inatuuma. Jicho lile lilikuwepo, mikono ile ilikuwepo, na elimu alikuwa nayo. Ikabidi mwanawe amsukume. Je, wangapi hawakuwa na binti wa kuwasukuma?

Na tunajua inavyokuwa watu wakisukumana mapema. Lubaina Himid, msanii mzaliwa wa Zanzibar aliyekulia Uingereza, mwaka 1985 alipewa nafasi ya kuandaa onyesho katika ICA, taasisi ya sanaa za kisasa, London. Nafasi yenyewe ilikuwa njia ya kupita watu, korido tu. Angeweza kuijaza kazi zake peke yake. Akawaingiza wanawake 11, weusi na wenye asili ya Asia, yeye akiwa mmoja wao, wengi wakiwa bado vijana. Himid mwenyewe alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Veronica Ryan, aliyekuwa naye kwenye korido ile, aliishinda mwaka 2022. Mwaka huo huo Sonia Boyce, naye wa korido ile, alitwaa Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu ya Biennale ya Venice, onyesho kubwa la sanaa la kimataifa kule Italia. Ilichukua muda, lakini majina yale yaliandikwa ukutani pamoja wakati ambapo wachache walikuwa wakiyauliza.

New York nako, tangu 1980, kuna ArtTable, mtandao wa wanawake wanaofanya kazi makumbusho, galari na vyuo vya sanaa, walioona kwamba cheo bila wenzako wa kushauriana nao ni upweke. Sisi tunataka kitu cha namna hiyo chenye miguu yake hapa hapa, kinachoujua mji huu na nauli zake.

Sasa hesabu. Chumba cha kudumu, chenye mlango unaofungwa na ukuta wa kufundishia, ni shilingi 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Hadi leo tunakutana sebuleni kwa mwenzetu, na mume wake amevumilia vya kutosha. Yaya wawili kwa vikao 24 ni 72,000. Wakili aliyekubali kutusomea mikataba yote kwa bei ya kirafiki ni 120,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa, 576,000, ni posho ya vijana sita, 8,000 kwa mwezi kila mmoja, watakaokaa miezi 12 kando ya watu wenye uzoefu. Watajifunza kupima ukuta na kutundika picha kwa kimo kinachomfaa mtazamaji, kuandika orodha ya kazi isiyopoteza hata mchoro mmoja, kufunga sanamu ya udongo ifike salama, kujaza karatasi za forodha kazi inaposafiri, na kuketi kwenye kikao cha bei bila kuinamisha kichwa. Tunawalipa posho kwa sababu tumeona wazuri wakiacha kazi hii mwezi wa tatu kwa kukosa nauli. Jumla ni shilingi 1,188,000. Wanachama tumeshachanga 236,000 kutoka mifukoni mwetu.

Harambee itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa tulioazimwa bila malipo. Mahali na namba ya paybill vimeandikwa kwenye kadi ya mchango. Kama kadi haijakufikia, mwambie mwanachama unayemjua akuletee, na kila mchango utapewa stakabadhi, uwe wa shilingi 50 au 50,000. Taarifa ya matumizi itasomwa mbele yenu kila baada ya miezi mitatu, na mweka hazina anakaribisha yeyote anayetaka kukagua vitabu.

Asiye na pesa ana nafasi. Tunahitaji viti, meza moja ndefu, mbao za fremu, na mtu mwenye pikapu wa kubeba picha siku hiyo. Kina baba mnakaribishwa kwa moyo wote. Baadhi yenu ndio mliotufundisha kazi hii, na mkija kuketi nasi saa mbili tu mkaeleza mlivyojadiliana bei zenu za kwanza, huo ni mchango mkubwa.

Baada ya hotuba, ambazo tumekubaliana ziwe fupi, kutakuwa na mnada wa picha 14 zilizotolewa na wanachama. Mojawapo ni ile turubai ya usiku wa mvua. Haikuuzwa kwenye onyesho, na mwenyewe ameamua iwe ya harambee hii.

Njooni na watoto. Yaya watakuwa kwenye chumba cha nyuma kuanzia saa saba na nusu.