Wanangu, karatasi ya majibu si ya kuwaonyesha watu

Mabinti zangu mnaouza nguo, mnaoimba na mnaopamba maharusi mbele ya simu,

Salaam kwenu nyote. Nawaandikia kutoka Tanga, na sitawaficha kwamba nina hasira. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mitatu, na kumi na miwili ya mwisho nilikuwa mnasihi kwenye chumba cha kupimia virusi vya UKIMWI. Nilipostaafu nilidhani nimeshaona kila namna mtu anavyoweza kuumizwa na karatasi ya majibu. Kumbe bado.

Binti wa mdogo wangu anauza madira na mitandio laivu kila Ijumaa usiku. Mwezi uliopita aliweka mtandaoni picha ya majibu yake ya kipimo cha VVU. Hakuombwa na daktari wala mchumba. Aliombwa na komenti.

Ilianza na moja tu: "Dada mbona umeisha hivyo, au ndo umekanyaga miwaya?" Yaani ameambukizwa virusi. Wakacheka. Mwingine akachukua picha yake ya Idi na picha ya wiki ile, akaziweka pamoja, akauzungushia mtulinga duara jekundu kama mwalimu anayesahihisha daftari. Kufika Jumatatu picha hiyo ilikuwa kwenye kundi la kikoba cha mama yake. Wateja wawili waliokuwa wameshatoa nusu ya pesa wakataka warudishiwe. Mmoja alisema hawezi kuvaa dira ambalo yule binti amelivaa kulionyesha.

Basi mtoto akaenda kupima. Akaishika karatasi juu ya kanga, kidole gumba chenye hina kikiziba namba ya usajili, akapiga picha, akaiweka. Chini yake akaandika: "Haya, mmefurahi?"

Hawakufurahi. Saa ya kwanza zilikuja "hongera" na "Mungu mkubwa". Saa ya pili wakaanza: hiyo karatasi ni ya kununua, mbona namba umeficha, subiri miezi mitatu urudie, kama si hiyo basi ni TB, kama si TB basi ametoa mimba. Nilikaa naye kitandani tukizisoma, mkono wake ukitetemeka hadi simu ikamponyoka. Nikadhani ni kilio. Nikamshika kiganja: kimelowa jasho, na mapigo ya moyo yanakimbia mia na kitu akiwa amekaa tu. Nikamwambia ainue kidevu ameze mate. Pale shingoni, chini ya mkufu, kitu kikapanda na kushuka.

Tezi ya shingo. Imezidisha kazi, inauchoma mwili kama jiko lililoachwa na mkaa mwingi. Kipimo cha damu kilithibitisha. Ndiyo maana alikonda huku anakula sahani mbili, ndiyo maana halali, ndiyo maana macho yamemtoka kidogo, nao wakayasema macho hayo kuwa ni ya bangi. Nilipomuuliza ni lini alianza kusikia moyo unamwenda mbio, akajibu: miezi minne. Na kwa nini hukwenda hospitali? "Mama mkubwa, ningepigwa picha kwenye foleni."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Miezi minne moyo wa msichana wa miaka ishirini na sita unakimbizwa, na dawa ipo, kwa sababu tu ya kuogopa foleni.

Sasa nisikilizeni vizuri, hili ndilo lililonikalisha niandike. Siku watu watakapoanza kuusema mwili wako, usiwapelekee majibu ya kipimo. Si ya VVU, si ya mimba, si ya ini, si ya chochote. Najua moyo unavyokuambia: nitawaonyesha wanyamaze. Hawanyamazi. Aliyekusingizia hakuwa na ushahidi, na ushahidi wako hautamwondolea kitu ambacho hakikusimama juu ya ushahidi. Utakuwa umemfundisha jambo moja tu, kwamba akikusukuma unavua nguo moja, na akisukuma tena utavua nyingine.

Msidhani ni nyinyi tu. Kate, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alifanyiwa upasuaji wa tumbo Januari 2024, akapumzika nyumbani kwake. Dunia nzima ikaanza kumtafuta: kaachwa, kafa, picha si yake. Tarehe 22 Machi 2024 ikabidi akae kwenye benchi mbele ya kamera aseme kwamba amegunduliwa saratani na ameanza matibabu. Ana watoto watatu wadogo ambao alikuwa anatafuta namna ya kuwaeleza. Kama mwenye kasri na walinzi alibanwa hivyo, wewe mwenye simu na bando utawaridhisha kwa karatasi gani?

Kuna lingine zito zaidi, na hili nawakaripia kweli. Unapoandika "niko salama, tazameni", unawaambia nini wale ambao majibu yao si kama yako? Mwenzangu mmoja tuliyesali naye msikiti mmoja miaka mingi anameza dawa tangu 2006. Ana afya, ana wajukuu, mwaka jana alipanda mlima kwao Lushoto na kikapu kichwani. Aliiona ile picha kwenye simu ya mwanawe. Akanijia jioni, akaketi, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Dada, ingekuwa na mistari miwili, wangemfanyaje?" Sikuwa na jibu. Sisi wanasihi tulikesha miaka kuwafundisha watu kwamba mistari miwili kwenye kipimo, yaani una virusi, si hukumu, kwamba anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kitandani. Halafu mtoto wangu wa kulea anapokea "hongera" mia mbili kwa kuwa na mstari mmoja. Hakukusudia. Lakini mwenzangu aliumia, na najua hakuwa peke yake aliyeumia usiku ule.

Na tujiulize watu wazima, haya macho ya kupima watu tuliyatoa wapi? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Sisi tuliovaa gauni jeupe miaka iliyofuata tuliona mtu akikonda, tukajua, kwa sababu dawa haikuwepo na kukonda ndiko kulikobaki. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim. Jicho la nchi nzima likafundishwa na misiba. Lakini dawa zinatolewa bure nchini tangu 2004, na hizi zilizoingia tangu 2019 wengine zinawanenepesha hadi wanalalamika. Leo mwenye virusi anaweza kuwa ndiye mnene kuliko wote kwenye sherehe, na aliyekonda akawa ananyonyesha, au ana sukari, au vidonda vya tumbo, au sonona, au ameachwa tu na hali haipiti kooni. Wanaoandika "kakanyaga miwaya" wengi wao wamekua dawa zikiwa zimeshafika. Wamerithi macho yetu bila kurithi sababu yake.

Nami niliyatumia macho hayo vibaya, acheni niseme. Mwaka 1993 alilazwa kijana wodini kwetu, mwili umekwisha, midomo imekauka, anaomba maji kila dakika. Tukatazamana wauguzi. Hakuna aliyesema neno, na kila mmoja alikuwa ameshasema. Tukampa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na nguvu zetu tukazipeleka kwa wengine. Siku ya pili asubuhi mama aliyekuwa akifanya usafi akaniita: "Sista, njoo uone hapa chini." Kopo la mkojo lilikuwa limezungukwa na sisimizi, mstari mrefu kutoka ukutani. Tukauchemsha mkojo na dawa ya Benedict, nao ukatoka buluu ukawa rangi ya tofali. Sukari. Alikuwa na kisukari, na sisi wenye vyeti tulikuwa tumeshamzika. Alinusurika kwa insulini na kwa macho ya mwanamke aliyeshika fagio. Mpaka leo nikipita karibu na wodi namkumbuka yule mama kuliko daktari yeyote niliyefanya naye kazi.

Hata salamu zetu zinaumiza. Mtu hajakaa: "Eh, umepungua!" Au "umenenepa, mambo yamekunyookea!" Binti mwenye uvimbe kwenye kizazi, tumbo limetokeza, anaulizwa mimba ya miezi mingapi, na usiku uleule ametoka kulia kwamba hashiki mimba. Tunasema ni upendo. Mtandao umeichukua salamu hiyo ya kibarazani na kuipa watazamaji elfu kumi. Na ile methali yetu, lisemwalo lipo, kama halipo laja, nawaomba wazee wenzangu tuipumzishe kwenye mambo ya ugonjwa. Imegeuzwa hati ya kumhukumu mtu kwa jambo ambalo halipo, eti laja.

Mmarekani yule mwigizaji, Chadwick Boseman, alionekana kwenye video Aprili 2020 amekonda sana, watu wakamkejeli kwa maneno ya madawa ya kulevya. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyogunduliwa 2016, na alikuwa akifanya kazi katikati ya upasuaji na dawa bila kuutangazia umma. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka uleule, ana miaka 43. Hata komenti zikifutwa, zilikuwa zimeshaandikwa. 

Mengine nayasema kwa ufupi kwa sababu mnayajua, hamyafanyi tu. Fungeni komenti siku mkiwa dhaifu, biashara haitakufa kwa siku tatu. Mpe mtu mmoja unayemwamini simu yako asome yeye, akuambie yenye maana. Usijibu usiku. Ukilazimika kujibu, sema sentensi moja, "Afya yangu naizungumza na daktari wangu", kisha endelea kuonyesha madira. Usiingie kundi la familia kujitetea, mtume shangazi mwenye sauti.

Na hili la vidonge lazima nilipanue kidogo. Msichana akisemwa amekonda, hapohapo chini ya komenti wanajipanga wauzaji: njoo nikupe dawa ya kunenepa, wiki mbili tu. Vingine ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa nzito za hospitali. Vinakuvimbisha uso ukaonekana umenawiri, huku vinapandisha sukari na shinikizo la damu, vinaupunguzia mwili kinga, na ukivizoea ukaviacha ghafla unaweza kuanguka. Mtoto wetu alikuwa ameshanunua pakiti. Fikirini tu, moyo unakimbia vile, na yeye anameza hivyo kwa ajili ya kuwapendeza watu asiowajua.

Mjue pia kwamba sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kusambaza uongo na kumwonea mtu mtandaoni. Ile ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka majibu ya kipimo yabaki siri na inakataza unyanyapaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kwa hiyo kabla hujafuta, piga picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na saa, uihifadhi kwa mtu mwingine. Kama aliyetoa siri ni mfanyakazi wa afya, msimsamehe kimyakimya. Namsema kama mwenzangu wa kazi: amevunja kiapo, apelekwe kwenye baraza la taaluma yake. Kwa kituo cha polisi usiende peke yako. Nenda na mtu mzima, kwa sababu wapo watakaokuuliza, "Lakini kweli hauumwi?"

Nanyi mnaotazama, nawaomba kitu kidogo. Ukiona mtu unayemfuata anapungua kila wiki na unampenda kweli, mwandikie pembeni: "Nimekukumbuka, u mzima?" Akikujibu hataki kusema, umwache.

Mwanangu ameanza kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi. Nimemwambia dawa inachukua wiki nne hadi nane kabla hajajisikia mtu, na kwamba koo likimuuma na homa ikapanda aache kila kitu akimbilie hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hii kwa wachache hushusha chembe nyeupe za damu. Ile picha ya karatasi ameifuta mwenyewe, sikumwamuru. Ijumaa iliyopita alirudi laivu. Mkono ulitetemeka kidogo alipokunjua dira la kijani, mtu akaandika la kuandika, yeye akasoma bei.

Kliniki yake ni Jumanne. Tutakaa kwenye foleni wote wawili, na simu yake nitaishika mimi.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga