Msiilaumu rada, kaguweni usajili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Marekani kugawana masafa ya redio ya jeshi na kampuni binafsi zinazorusha mtandao imezibebesha rada za manowari lawama zote za mtandao kukatika. Sivyo.

Masafa hayo yako kati ya megahezi 3550 na 3700. Jeshi la wanamaji ndilo mwenye nyumba, lina haki ya kwanza. Linafuatwa na walionunua leseni kwenye mnada wa 2020, halafu wengine wote. Vihisi vya pwani vikinasa rada, mfumo unaogawa masafa una sekunde 300 kuzima mitambo ya kampuni inayohusika au kuihamishia masafa mengine. Mtambo wa Kansas, jimbo lililo mbali na bahari, hauna manowari ya kuukatisha.

Tatizo la kawaida zaidi ni waya wa intaneti. Mfumo huo huupa mtambo ruhusa ya kurusha yenye kikomo cha muda, nao huiomba tena na tena kupitia intaneti. Usipoufikia mfumo, ruhusa huisha, na ndani ya sekunde 60 lazima unyamaze. Umeme upo, taa zinawaka, antena haitoi kitu. Fundi anapanda mnara bure, kumbe ruta ya chini ndiyo imekwama. Ujumbe wa kuomba ruhusa ni mdogo. Laini ya simu ya akiba inautosha.

Kisha kuna fomu ya usajili. Mahali pa antena pasikosewe kwa zaidi ya mita 50, urefu kwa zaidi ya mita 3. Urefu huandikwa ama kutoka ardhini ama kutoka usawa wa bahari, na hapo ndipo watu huteleza. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari. Antena iliyo mita 12 juu ya ardhi ikiandikwa mita 1,612 kutoka ardhini, mfumo unaiona imening'inia angani kama ndege, unaipunguzia nguvu au unainyima masafa kabisa. Mwelekeo wa antena nao hupimwa kwa kaskazini halisi, si ya dira. Seattle tofauti yake ni takriban nyuzi 15.

Mitambo mikubwa, inayofikia wati 50 kwa kila megahezi 10 ukihesabu na nguvu ya antena, husajiliwa na fundi aliyefaulu mtihani. Lakini si lazima apande mwenyewe. Anaweza kutia saini vipimo alivyoletewa. Kwa maoni yetu asitie saini kabla ya kuona picha ya futi ya utepe ikiwa imenyooshwa kutoka antena hadi chini.

Wafungaji wa mitambo ya redio