Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaofunga mizigo ya Peru

Wajukuu zangu,

Nimesikia safari imeiva: Lima, Cusco, Ziwa Titicaca, kisha mrudi. Tiketi za Machu Picchu mmeshakata, na kuhusu mawe yale sina la kuwaongezea, kwani waongozaji watawatosha. Nataka kusema nanyi juu ya watu. Mgeni anaweza kuzunguka Peru wiki tatu, akarudi na picha elfu moja, na asiwe amekaribishwa jikoni kwa mtu hata mara moja. Sipendi yawakute hayo.

Anzeni na neno moja la Kikechua, lugha ya wenyeji wa milimani: ayni. Ni kupeana zamu za kazi. Leo wanakuja kuezeka nyumba yako, msimu ujao wewe uko shambani kwao kuvuna viazi, siku kwa siku, bila fedha kupita mkononi. Kazi ya kijiji kizima, kama kuzibua mfereji wa maji, wanaiita minka, nasi tungeiita msaragambo. Kila Juni jumuiya nne za Quehue, mkoani Cusco, zinasuka upya daraja la kamba la Q'eswachaka juu ya mto Apurímac. Ni mita 28 hivi za majani ya ichu, na kila kaya inaleta fungu lake la kamba iliyosokotwa kwa mkono. Mwaka 2013 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Desturi nyingi mtakazokutana nazo zimeota kwenye shina hilo: ulichopewa hurudishwa, hata kwa ardhi yenyewe.

Salamu kwanza, na hapo nyinyi mna mtaji, kwa sababu mmelelewa kusalimu. Usiingie dukani, kwenye teksi au kwenye chumba cha kusubiri kimya kimya. Sema buenos días hadi adhuhuri, buenas tardes mchana, buenas noches giza likishaingia. Ukipita karibu na watu wanaokula, hata usiowajua, sema provecho, yaani kuleni vizuri. Lima, mwanamke na mwanamke, au mwanamume na mwanamke, husalimiana kwa shavu la kulia kuguswa shavu mara moja tu. Wanaume hupeana mikono. Binti au kijana asiyetaka kugusana shavu kwa ajili ya dini yake asirudi nyuma mtu anapomkaribia, maana hiyo inaumiza. Awahi kunyoosha mkono yeye, atabasamu, aseme mucho gusto, nimefurahi kukujua. Vijijini milimani mkono hushikwa kwa ulaini, kama kugusa tu, kwa hiyo msiuminye. Mzee mwiteni mamay au taytay, yaani mama yangu, baba yangu. Ukisema allillanchu, hujambo, utajibiwa allillanmi, sijambo, na uso wa mtu utafunguka, kwa kuwa wageni wengi hawajishughulishi na Kikechua kabisa, nacho ni lugha ya watu zaidi ya milioni 3 nchini humo.

Kuna maneno mtayasikia ambayo si yenu kuyatumia. Cholo na serrano, majina ya mtu wa asili ya milimani, kati ya marafiki ni utani wa mapenzi, ila kinywani mwa mgeni ni tusi. Indio ni tusi waziwazi. Tangu mageuzi ya ardhi ya mwaka 1969 mkulima wa milimani anaitwa campesino, na siku yake ni tarehe 24 Juni, siku ileile ya Inti Raymi, sikukuu ya jua, kule Cusco. Nanyi mtaitwa moreno, morena, pengine negrito, yaani mweusi. Mara nyingi anayesema hivyo anadhani anawabembeleza. Mkichukia, semeni jina lenu kwa upole, me llamo fulani, na wengi watalishika.

Hilo linanikumbusha jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka. Peru ina watu wa asili ya Afrika tangu karne ya 16. Utumwa ulifutwa mwaka 1854, na mwaka 2009 serikali iliwaomba radhi rasmi. Sherehe kubwa kuliko zote za Lima, Señor de los Milagros, Bwana wa Miujiza, inatokana na picha ya Kristo ambayo, kwa mapokeo ya wenyeji, ilichorwa ukutani mwaka 1651 na mtumwa kutoka Angola. Tetemeko la 1655 liliangusha nyumba, ukuta ule ukabaki. Mkiwa Lima Oktoba, hasa tarehe 18 na 28, mtaona jiji limevaa zambarau. Simameni pembeni. Msivuke kamba ndefu inayozunguka jukwaa linalobebewa picha, kwa sababu ndani yake ni nafasi ya wabebaji na ya wanawake wanaofukiza ubani wakitembea kinyumenyume, nyuso zao zikiielekea picha. Ukisimama njiani kupiga picha, mama anayerudi nyuma na chetezo cha moto hakuoni. Nje ya msimu huo, nendeni El Carmen, wilaya ya Chincha, mkasikilize cajón, sanduku la mbao linalopigwa kwa viganja na mpigaji akiwa amelikalia.

Sasa sokoni. Muuzaji na mnunuzi wanaitana neno lilelile, casera au casero, yaani mteja wangu wa siku zote. Ukirudi kwa mama yuleyule siku ya pili, umeshakuwa mtu wake. Msifinye parachichi. Mwambieni mnalitaka para hoy, la leo, au para mañana, la kesho, naye atalichagua kwa kidole chake na hatakosea. Ukishalipa, hapo ndipo unapouliza ¿y la yapa?, nyongeza yetu ileile. Kuidai kabla ya kununua ni kukosa adabu. Noti ya soli 100 au 200 asubuhi na mapema ni usumbufu kwa mama mwenye meza ya vitunguu, kwa hiyo ivunjeni supamaketi na mtembee na sarafu. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa. Teksi nyingi za barabarani hazina mita, kwa hiyo bei hupatanwa kabla ya kufungua mlango.

Nguo zinahitaji subira zaidi. Shali inayouzwa njiani kwa bei ya chakula cha mchana na kuitwa baby alpaca karibu kila mara imechanganywa na nyuzi za kiwandani. Jina hilo lenyewe linasema wembamba wa unyoya, halisemi umri wa mnyama. Kitambaa kilichofumwa kwa kitanda cha mfumaji cha kiunoni, kile kinachofungwa kwenye nguzo upande mmoja na mgongoni upande wa pili, kinachukua wiki kadhaa. Ombeni punguzo dogo, mseme ¿cuánto es lo menos?, bei ya mwisho ni ngapi, basi. Kukata nusu ya bei ni kumwambia mfumaji kwamba siku zake hazina thamani. Kisiwani Taquile, kwenye Ziwa Titicaca, wanaofuma kofia kwa sindano ni wanaume, na kofia inasema hali ya mtu: nyekundu yote ameoa, nyekundu yenye nyeupe juu bado. Msinunue na kuvaa bila kujua mnachotangaza.

Na picha. Wanawake waliovaa nguo za sherehe na kushika mwanakondoo au llama mitaani Cusco wako kazini. Patana kwanza, piga, lipa. Kuiba picha kwa mbali ni kuiba kweli.

Kuhusu kula nitakaa zaidi kidogo, maana ndiko mgeni anakopendwa au kupoteza nafasi yake. Mlo mkubwa ni wa mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Migahawa midogo huandika menú: supu, chakula chenyewe na kinywaji cha matunda, vyote kwa bei moja. Jioni familia nyingi hula lonche tu, chai au kahawa na mkate. Ceviche ni ya mchana, wala msiiagize usiku. Samaki hushuka pwani alfajiri, hukatwa vipande, hutiwa chumvi, pilipili ya ají limo na kitunguu chekundu, na ndimu hukamuliwa wakati wa kupakua. Ndimu ikikamuliwa hadi mwisho hutoa uchungu wa ganda, na samaki akilowekwa saa nzima hukakamaa. Maji meupe yanayobaki ni leche de tigre, nayo hunywewa.

Ukialikwa milimani unaweza kuletewa cuy, simbilisi wa kuchoma, mzima na kichwa chake. Ni chakula cha heshima. Kiliwe kwa mikono, na kama hukiwezi, onja kidogo, kisha sema sahani imekushinda na uombe kufungiwa. Hakuna aibu kubeba chakula cha karamu, na pengine mwenyeji atasononeka usipobeba. Wasiokula nguruwe waulize mapema ¿tiene chancho?, hasa kwenye pachamanca, kwani kila kitu hupikwa shimo moja.

Pachamanca ni kupika ndani ya ardhi. Mawe ya volkano huchomwa saa mbili hivi hadi yaanze kuwa meupe. Mawe ya mtoni yana unyevu ndani na hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi, kwa hiyo moto ukiwashwa simama mbali. Viazi vinatangulia chini, vinafuata nyama zilizolala kwenye viungo vya huacatay na chincho, kisha maharage mabichi na mahindi juu. Hufunikwa majani, vitambaa vilivyolowa, mwishoni udongo. Kazi ya mgeni iko hapo: shika pembe ya kitambaa, mwaga udongo, na ukiona mvuke unatoroka mahali, paziba haraka, la sivyo viazi vitabaki na kiini kibichi. Ukisimama mikono mfukoni utalishwa, lakini utabaki mgeni.

Kabla ya kunywa, wengi humwaga tone chini kwa Pachamama, Mama Ardhi. Fuateni. Asiyetumia kileo akipewa chicha ya mahindi iliyochachuka aipokee kwa mikono miwili, amwage tone, ashukuru, airudishe, na aombe chicha morada, ya mahindi ya zambarau, ambayo huchemshwa tu. Kwa wanaokunywa bia: kundi zima hutumia glasi moja. Unajimiminia, unampa chupa wa pembeni, unakunywa, unakung'uta povu chini, kisha unampa glasi. Kosa la wageni ni kushika glasi na kuanza mazungumzo, wenzao wote wakisubiri.

Sasa urefu wa milima, maana hewa ya juu huumiza kichwa: Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya bahari, na Puno, mji wa kando ya Titicaca, ni juu kuliko kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro. Mkitoka Lima kwa ndege, shukeni moja kwa moja mkalale bonde la Urubamba, karibu mita 2,800, siku mbili za kwanza. Tembeeni polepole, kuleni kidogo. Kichwa kikigonga, chai ya majani ya koka inasaidia wengi. Ila kikohozi chenye povu au kupepesuka si jambo la chai, ni la kushuka chini usiku huohuo.

Koka yenyewe ni halali Peru na ni takatifu milimani. Ukipewa majani, pokea kwa mikono miwili au kwa upindo wa nguo. Chagua matatu mazima, yapange upande unaong'aa juu, yapulizie taratibu ukitaja mlima wa mahali pale, kama Ausangate, ndipo uyaweke shavuni. Hiyo ndiyo k'intu. Usitafune kama mirungi. Acha majani yalowe, na chembe ya llipta, majivu magumu, ikae katikati ya fungu, kwani ikigusa ufizi inaunguza. Agosti ndio mwezi ambao ardhi, kwao, iko wazi na ina njaa, na sadaka zake hupangwa kwa mkono wa mtaalamu. Ukiruhusiwa kuwepo, keti, weka simu mbali, na usiguse kitu kilichokwisha wekwa kitambaani. Majani yakibaki mfukoni siku ya kuondoka, waachieni wenyeji. Nchi nyingi zinayahesabu kuwa dawa za kulevya, na yanaonekana kwenye kipimo cha mkojo hata kwa aliyekunywa chai tu.

Mkilala kwa familia kwenye visiwa vya Titicaca, Amantaní au Taquile, msipeleke peremende kwa watoto. Pelekeni mchele, sukari, mafuta ya kupikia na matunda, maana vyote huvushwa kwa mashua. Mkabidhini mama wa nyumba mkononi, si mezani. Asubuhi mmoja wenu achote maji bila kuombwa.

Na siku ya kuagana msiseme adiós, ni zito mno kwao. Semeni tupananchiskama. Maana yake ni hadi tutakapokutana tena.

Nami nawaambia hivyo hivyo: kwaheri ya kuonana.

Babu yenu