Malalamiko ya kuuziwa tiketi ya Dar es Salaam wakati barabara imekatika

Magomeni,
Mtwara.
20 Mei 2024

Meneja,
Ofisi ya Mabasi ya Dar es Salaam,
Stendi Kuu, Mtwara.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDAI NAULI YA SAFARI ILIYOISHIA NANGURUKURU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi na mama yangu mzazi tulikuwa abiria wenu wa Jumatatu tarehe 6 Mei, basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam. Tulilala Nangurukuru, wilayani Kilwa, kesho yake tukarudishwa Mtwara kwa kulipishwa upya, na mpaka leo hamjanirudishia hata senti.

Siwalaumu kwa mvua. Kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia Jumamosi tarehe 4, na maji yake yakaikata barabara huko Kilwa, Somanga na maeneo ya jirani. Sisi watu wa kusini tumeizoea adha ya njia hii. Mama yangu anakikumbuka kivuko cha Ndundu, watu wakisubiri kuvuka Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Kukwama anakujua. Nililosikitika nalo ni kwamba mlijua barabara imekatika, mkatuuzia tiketi.

Jumapili mchana picha za Somanga zilikuwa zimeshazagaa kwenye simu za watu. Ndiyo maana jioni nilikuja mwenyewe dirishani kwenu kuuliza kama njia inapitika, kwa kuwa mama alikuwa na miadi ya macho Muhimbili na sikutaka kumtesa mtu mzima bure. Kijana wenu akanijibu, "Njia ipo dada, ikishindikana mtafaulishwa." Yaani tungehamishiwa basi jingine upande wa pili. Nikamwamini, nikalipia siti mbili. Angeniambia ukweli ningeahirisha. Mwenye haraka zaidi yangu angeamua kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea mpaka Makambako. Ni mzunguko mrefu mno, lakini angeuchagua mwenyewe akijua anachokifuata.

Kufika Nangurukuru tukakuta foleni ya malori na mabasi. Konda alishuka, akarudi, akasema upande wa pili hakuna gari letu. Yaani kule kufaulishwa hakukuwa kumepangwa na mtu yeyote. Dereva alipiga simu ofisini, akapiga tena, kisha akazima gari akaenda zake kulala. Hakuna aliyesimama mbele ya abiria akasema jambo likaeleweka. Tukawa tunaokota habari kwa matingo wa malori: mara kuna mtambo unamwaga mawe, mara njia inafunguliwa usiku, mara mpaka wiki ijayo.

Jua lilipozama mama alikuwa amevimba miguu, viatu havimwingii. Mama mmoja muuza chapati, Mungu amjalie, alimtandikia mkeka nyuma ya banda lake na kumpa maji ya kutawadha. Mgeni asiyemjua alimjali kuliko kampuni iliyochukua nauli yake. Ndani ya basi walibaki kinamama wenye watoto wachanga, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, joto halisemeki.

Asubuhi konda akatangaza kwamba gari linageuza, anayetaka kurudi Mtwara atoe shilingi 10,000. Alisimama mlangoni, noti kazikunja katikati ya vidole, na hakumpa mtu risiti. Niliuliza kwa nini tulipie kurudishwa tulikotoka, wakati tiketi zetu za Dar es Salaam hazijatumika hata nusu ya njia. Jibu lake: "Asiyetaka abaki." Nikalipa 20,000. Ningefanyaje, na mama yuko vile?

Nilipokuja kudai nauli, ofisini nikaambiwa hii ni kazi ya Mungu, kampuni haihusiki. Barabara ilikatwa na maji, sawa. Lakini tiketi iliuzwa na mfanyakazi wenu, na zile 10,000 zilipokelewa na mfanyakazi wenu. Mdogo wangu anaishi Ujerumani, ambako theluji ya majira ya baridi husimamisha treni na kufuta safari za ndege. Huko Umoja wa Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004: ndege ikifutwa kwa sababu ya theluji, shirika halidaiwi fidia, lakini lazima abiria apewe chakula na malazi akisubiri, na asipotaka tena kusafiri arudishiwe nauli yake. Mimi sikudai hoteli Nangurukuru. Nilitaka kuambiwa ukweli kabla ya kulipa, na kurudishiwa changu safari iliposhindikana.

Namba zetu za simu mnazo, maana mnaziandika kwenye kila tiketi. Sikukuu zikikaribia mnatutumia ujumbe kutuhimiza tuwahi kukata nafasi. Jumapili ile ujumbe wa mstari mmoja, "Barabara imekatika, safari zimesitishwa", ungewaokoa abiria wa basi zima.

Naomba mnirudishie nauli kamili ya siti mbili pamoja na shilingi 20,000 tulizotozwa kurudi, kwa namba ya simu iliyo kwenye tiketi, ndani ya siku 14. Naomba pia mbandike dirishani, kwa maandishi makubwa, utaratibu wa nauli ya abiria pale njia inapofungwa, na konda apigwe marufuku kudai fedha njiani bila risiti. Mvua za vuli zikianza, watu watakuja tena dirishani kuuliza kama nilivyouliza mimi. Wajibiwe ukweli.

Mama amepangiwa tarehe nyingine ya kliniki mwezi ujao. Nauli hiyo ndiyo tunayoitegemea kumpeleka.

Wako,
Abiria wa siti B3 na B4, basi la tarehe 6 Mei
(jina langu liko kwenye tiketi, nakala nimeambatanisha)

Nakala: Ofisi ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Mkoa wa Mtwara